Darubini za Bwana

Neno "darubini" lilipomfikia Duke Onyiego sikioni, alikuwa amejikalia juu ya katoni kuukuu ndani ya duka la Mama Kusum, katikati ya mji wa Kisii, akinywa chai ya bure. Hakuwa amekuja kununua chochote. Duke hakuwa na tabia hiyo mbaya ya kununua. Alikuja kila asubuhi kusoma gazeti la mwenye duka, kunywa chai ya mwenye duka, na kuwakagua wateja wa mwenye duka kuanzia viatu hadi kofia. Mama Kusum alimvumilia kwa sababu marehemu mumewe, Manubhai, alikuwa na desturi ya kumkaribisha kila aliyeingia, naye aliona vibaya kuivunja.

Aliyelitamka neno lenyewe alikuwa Mzee Angwenyi, mtu wa Manga kule Nyamira. Huyu alikuwa mwenyekiti mstaafu wa kituo cha kununulia majani chai na mzee wa kanisa la Wasabato la kwao. Uenyekiti aliurudisha ofisini siku ya kustaafu, ila tumbo la uenyekiti alirudi nalo nyumbani.

"Bwakire, Mama Kusum."

"Bwakire mono, Omogaka," akaitikia Mama Kusum, akimpa mzee jina lake la heshima; alizaliwa papo hapo mjini na Ekegusii chake kilikuwa safi kuliko cha Duke. "Leo umeteremka na shida gani?"

"Natafuta ile darubini ya kuangalia nyota. Si ile ndogo ya watalii ya kushika na mkono. Ile kubwa, ya miguu tatu. Najenga gesti pale kwa ukingo wa Manga. Mgeni akimaliza kula, namtoa nje anaangalia mwezi, analipa. Anaangalia ile nyota iko na pete, analipa tena. Unayo?"

Mama Kusum akafungua kinywa kujibu. Laiti Duke angemwacha amalize pumzi moja tu, kila mmoja angeshika njia yake na hadithi hii isingekuwapo. Lakini Duke alikwishaona tumbo, fimbo ya mpingo, na ule mng'ao wa jicho la mtu anayetaka kutoza wenzake kwa kutazama mwezi. Alisimama kwa pupa hata chai ikamwagika, na kitako cha kikombe kikaacha duara la kahawia juu ya katoni.

"Aai, Omogaka! Hiyo si kitu ya kuulizia dukani kama sufuria. Hiyo ni ya kuagizwa ng'ambo. Na ikifika forodha, iko na mambo."

"Mambo gani?"

"Mambo ya ushuru."

Mama Kusum alifunga kinywa. Alimtazama Duke, akamtazama Mzee Angwenyi, kisha akalitazama lile doa la chai.

"Kumbe?" akasema.

"Ndiyo hivyo, Mama. Wewe ni mtu wa duka, huwezi kujua haya maneno."

"Kweli," akakubali Mama Kusum kwa upole. "Mimi nitajulia wapi."

Hapa ni haki tumtambulishe Duke kwa msomaji, maana yeye mwenyewe angejitambulisha vibaya. Alijiita wakala wa forodha. Ukweli ni kwamba aliwahi kwenda Mombasa mara moja, akasimama nje ya lango la bandari muda wa kutosha kula viazi karai, akarudi Kisii akiwa mtaalamu. Vitendea kazi vyake vilikuwa vitatu: tai, faili, na gari aina ya Probox, jeupe, lililoandikwa kwenye kioo cha nyuma kwa herufi kubwa nyekundu: USHURU SI SHIDA. Tai aliazima asirudishe. Faili aliiokota. Lakini Probox lilikuwa lake kwa haki, kwa maana mama yake aliuza mikalitusi yote ya shambani ili mwanawe apate kitu cha kumfikisha mbali. Aliliosha kila jioni kwa mkono wake mwenyewe, na alilipenda. Tumcheke kwa mengine yote, kwa hilo tusimcheke. Tena alijua vizuri kwamba siku atakayolikosa ndiyo siku biashara yake itakayokufa, kwa kuwa hakuna mtu Kisii nzima anayemwamini wakala wa forodha anayetembea kwa miguu.

Basi alimfungulia Mzee Angwenyi mlango wa mbele wa Probox, akamwendesha hadi soko la Daraja Mbili, akaegesha wakitazamana na marundo ya ndizi, akafungua faili. Ndani ya faili mlikuwa na risiti za petroli. Alizipekua kwa uso wa huzuni.

"Omogaka, kule forodha kuna kitabu. Kikubwa hivi. Kila kitu chini ya jua kiko na namba yake ndani: sindano, trekta, punda. Namba ndiyo inasema utalipa ngapi. Sasa darubini yako inaweza kuingia mahali tatu. Afisa akiwa na roho nzuri, anaiweka kwa vitu vya watoto kuchezea."

"Hiyo ni mzuri."

"Akiwa wa kawaida, anaiweka kwa vyombo vya macho. Hapo unalipa mpaka unaona nyota bila darubini."

"Na ya tatu?"

Duke alishusha sauti, akatazama kulia na kushoto, ingawa waliokuwa karibu ni akina mama wauza mboga ambao hawakuwa na haja naye. "Ya tatu ni zile darubini zinafungwa juu ya bunduki. Sasa wewe fikiria. Kitu iko na mdomo mrefu na miguu tatu. Afisa amechoka, hajala. Ataona nini?"

"Ataona mzinga."

"Mzinga. Na kwa karatasi kumeandikwa jina la nani?"

"Yangu," akanong'ona Mzee Angwenyi, na tayari alikuwa akijiona mahakamani bila kofia.

Ukishamtia mtu hofu, hupaswi kumwacha nayo muda mrefu, asije akaanza kufikiri. Duke alikijua kipimo chake. Alimwacha mzee atoe jasho kidogo, kisha akatabasamu kwa namna ya daktari.

"Lakini kuna mlango wa nne. Vifaa vya ibada. Kengele ya kanisa, vikombe vya meza ya Bwana, hizo zinapita bure. Hakuna ushuru, hakuna swali."

"Darubini ni ya ibada namna gani?"

"Wewe ni mzee wa kanisa, unaniuliza mimi? Bwana atakuja akitoka wapi?"

"Juu. Upande wa mashariki."

"Na wewe unangojea umwone pamoja na watu wote?"

Ndani ya kile kichwa kikubwa cha Mzee Angwenyi likaingia wazo kwamba siku ya mwisho yeye angeweza kuwatangulia majirani kwa dakika chache. Alilipenda wazo hilo kupita kiasi. Na kutoka hapo likazaliwa la pili, la kidunia zaidi.

"Duke. Kama inapita bure... si tulete mingi?"

Ni hapa ambapo tapeli mwenye akili zake angechukua ada yake ya kuandika karatasi, aseme asante, apotee. Huo ndio uliokuwa mpango wa Duke: kumtoza mzee kwa ushuru uliopungua, uliozidi au uliokosekana, vyovyote vile, na kurudi kwenye chai yake. Lakini tamaa huambukiza, na ndani ya gari lililofungwa madirisha huambukiza upesi. Duke alianza kuziona shule zote za Kisii na Nyamira zinazotaka kuonekana za maana, kila moja ikipigania darubini. Akajiona akilipa kisogo lile Probox lake la zamani na kupanda gari refu, lenye ngazi ya kupandia.

"Dazeni," akasema kwa sauti iliyokauka. "Nusu zako, nusu zangu."

Walirudi kwa Mama Kusum. Yeye, walisema, ana njia za kuagiza vitu. Mambo ya forodha wangemalizana nayo wenyewe. Mama Kusum aliwasikiliza mpaka mwisho. Mzee Angwenyi alilipa upande wake kwa bonasi yote ya majani chai, bila kumwambia mkewe. Duke alijipapasa mifuko kwa muda wa heshima.

"Pesa iko mahali, lakini imefungwa," akasema.

"Gari yako haijafungwa," akasema Mama Kusum. "Mimi nahitaji gari ya kupeleka mizigo. Tubadilishane."

Duke aligeuka akalitazama Probox kupitia mlango wa duka. Lilikuwa limetoka kuoshwa. Moyo ulimuuma kweli, na kwa dakika nzima alikaribia kuwa mtu mwerevu. Kisha akakumbuka lile gari refu lenye ngazi. Neel, mjukuu wa Mama Kusum, akafungua kompyuta, umiliki ukahamishwa, na ufunguo ukaingia katika droo ya Mama Kusum pamoja na gundi na wembe.

"Na mzigo utafika lini?" akauliza Duke.

"Hautachelewa," akasema Mama Kusum, na hakusema uongo.

Kilichobaki kilikuwa kanisa, kwa maana bila barua yenye muhuri wake forodha isingekubali kwamba hivi ni vifaa vya ibada. Muhuri wa kanisa la Manga, pamoja na funguo za mlango, vilikaa mkononi mwa karani wa kanisa, Mwalimu Mong'ina. Huyu alistaafu ualimu lakini hakustaafu macho. Zamani, katika shule ya Wasabato ya Nyanchwa, aliwahi kumfundisha Duke hesabu, akamrudisha darasa lile lile mara mbili. Alisema hatatoa muhuri wowote kabla ya jambo lenyewe kutamkwa mbele ya washiriki, siku ya Sabato, kila mtu asikie.

Hilo lilimtia Mzee Angwenyi baridi. Jioni moja aliketi na Duke kwenye msingi wa gesti yake, akachora chini kwa fimbo.

"Mimi kwa biashara naweza kupinda maneno. Lakini kudanganya ndani ya kanisa, hapana. Nyasae anasikia kutoka mbinguni."

"Nani amesema tudanganye? Tutasema ni za Bwana."

"Lakini si za Bwana!"

"Wewe, kwa mkutano wanakuita nani?"

"Wananiita Bwana Angwenyi."

"Na mimi?"

Mzee alifikiri. Uso wake ulifunguka polepole, kuanzia kidevuni. "Bwana Duke," akasema, na wote wawili wakacheka hadi fimbo ikaanguka shimoni. Hawajapata kuonekana watu wawili wazima waliofurahia hivyo kuvumbua kwamba neno moja lina maana mbili.

Sabato iliyofuata Duke alipanda Manga kwa bodaboda, tai ikipepea begani, akaenda mbele ya kanisa lililojaa. Tumpe sifa yake: aliongea. Alizungumza juu ya Orioni na Kilimia. Alisikitika kwamba vijana wanatazama simu wakati kazi ya mikono ya Mungu iko juu ya vichwa vyao bila malipo. Neno "malipo" lilipomtoka alikohoa. Mama mmoja nyuma alipangusa machozi, na hata Mzee Angwenyi, aliyejua kila kitu, alijikuta ameguswa.

Mwalimu Mong'ina aliinuka akiwa na mkoba mkononi.

"Ndugu Duke, hizi nyota ni zile za kusafishwa? Naona matangazo ya waganga kwa nguzo za stima huko Kisii, wanasafisha watu nyota."

Kanisa likacheka. "Hapana, Mwalimu! Hizi ni za kuangalia tu."

"Na siku Bwana akija, si hata kipofu wa Daraja Mbili atamwona? Darubini ni ya nini?"

"Ni ya... ni ya kujifunza uumbaji, Mwalimu."

"Hapo sawa. Sasa uniambie: hizi darubini ni za nani?"

"Ni za Bwana," akasema Duke kwa sauti nzito, akimkonyeza Mzee Angwenyi.

"Zote?"

"Zote, Mwalimu."

"Hata zile umelipia wewe?"

"Zile nimelipia mimi," akasema Duke, akiweka mkono juu ya tai, "hizo ndizo za Bwana kabisa."

"Kanisa, mmesikia?"

"Amina!" likaitikia kanisa, na Mzee Angwenyi akaitikia kwa nguvu kuliko wote, huku mabega yakimcheza kwa kicheko alichokibana.

Muhuri ulipigwa. Duke alipeleka barua kwa Mama Kusum iambatane na mzigo, naye akaisoma, akaikunja, akaiweka kabatini. "Sasa hakuna mtu atasumbua huu mzigo," akasema. Duke aliondoka akipiga mluzi. Aliwaeleza watu wa kituo cha bodaboda, kwa upole wa mtu mkubwa, jinsi anavyoielewa forodha ya nchi hii.

Wiki hiyo hiyo Mama Kusum akapiga simu: mzigo upo, Neel ataupeleka Ijumaa. Mwalimu Mong'ina naye alikuwa na sharti moja tu. Mali ya Bwana lazima ifikie nyumba ya Bwana kwanza, ionekane, halafu mengine yafuate. Duke na Mzee Angwenyi waliona si neno. Ijumaa mchana katoni zingefika, watu wangeziona, picha ingepigwa, na kabla ya jua kuzama pikapu ya kukodi ingezihamisha, nusu kwenda gesti na nusu kwenda sokoni.

Mchana ulifika bila Neel. Duke alipiga simu. Neel alikuwa akinywa chai. Alipiga tena, Neel alikuwa na pancha. Alipiga mara ya tatu, Neel akamwambia asijali, anakuja na "ile gari yako ya zamani, buda, inakimbia vizuri sana," jambo ambalo Duke hakuhitaji kuambiwa. Dereva wa pikapu alilala kwenye usukani. Jua lilikuwa limeshagusa vilima upande wa Kisii Probox lilipotokeza hatimaye, limebeba katoni hadi darini. Mashemasi wakazishusha haraka, wakazipanga kanisani, na ya mwisho ilipoingia jua likazama.

Mwalimu Mong'ina alifunga mlango, akatia funguo mkobani.

"Sabato njema, ndugu zangu."

"Mwalimu," akasema Duke, "kuna pikapu hapa."

"Naiona. Lakini jua limeingia. Hatubebi mizigo, hatuongei biashara. Hujasahau, Duke, ulilelewa Nyanchwa."

Duke alimgeukia Mzee Angwenyi amsaidie. Mzee alikuwa amezungukwa na mashemasi, na mzee wa kanisa hawezi kubishania mizigo Ijumaa jua likishazama, mbele ya mashemasi, halafu abaki mzee wa kanisa. Alivua kofia, akasema, "Sabato njema, Duke," akatazama miguu yake.

Kesho yake alasiri, kwa kuwa kifaa cha ibada si mzigo, walizitoa darubini nje, zikapangwa kwenye ukingo wa Manga, midomo juu, watu wamejaa hadi kwenye migomba. Mama Kusum alikaa mbele kama mgeni wa heshima, na Neel kando yake. Duke aliitwa mbele ashukuriwe. Vijana walimwimbia. Mwalimu Mong'ina alieleza jinsi huyu ndugu, ambaye hana mengi, alivyotoa hata gari lake kwa ajili ya kazi ya Mungu, na akina mama wakatikisa vichwa kwa mshangao. Duke alifungua kinywa mara kadhaa, lakini kila alipokifungua kanisa lilisema "Amina!" Kisha wakaziwekea mikono na kuziombea, moja baada ya nyingine. Maombi ya Manga hayana haraka. Duke alipofumbua macho, kila darubini ilikuwa wakfu.

Jua likazama. "Sabato imekwisha," akatangaza Mwalimu Mong'ina, na Duke akamfikia kabla hajafunga kinywa.

"Mwalimu. Sasa tuongee biashara."

"Ongea."

"Zile darubini. Zile nusu zangu..."

"Za Bwana."

"Mwalimu, kuna Bwana, na kuna bwana."

"Najua," akasema Mwalimu Mong'ina. "Lakini leo tumemwomba mmoja tu."

"Nitaenda polisi!"

"Enda. Waambie ulitaka kupitisha biashara yako bila ushuru, ukajificha nyuma ya kanisa. Utakuwa unashtaki, ama utakuwa unakiri?"

Duke alipiga hesabu na, kama ilivyokuwa kawaida yake kwa mwalimu huyu, ikamkataa. Alimkimbilia Mzee Angwenyi. Akamkuta ameshika darubini kwa mkono mmoja, akiwaeleza akina mama mambo ya ile nyota ya pete, na kila alichoeleza kilikuwa uongo. Alikuwa amechaguliwa mlezi wa kikundi cha nyota. Isitoshe, alishakumbuka kwamba watu wanaokuja kutazama nyota hupata njaa, na gesti iko hatua chache kutoka hapo.

"Tumebarikiwa, Duke," akasema bila kugeuka.

"Omogaka, bonasi yako!"

"Shh. Mama watoto yuko hapo."

Ikabaki faraja moja. Duke alijikokota hadi zilipotupwa katoni tupu, akakaa juu ya moja, akajiambia kwamba angalau ushuru waliupiga chenga. Kwa hilo hakuna aliyeweza kumdharau. Serikali yenyewe imeshindwa. Akaweka mkono kando ya paja, na mkono ukagusa alama. Lilikuwa duara la kahawia, kubwa kama kitako cha kikombe.

Alilijua. Kisha akamwita Neel, na sauti ilitoka ndogo.

"Hizi zilitoka wapi?"

"Hizi? Ziko kwa duka tangu babu akiwa hai. Kuna shule iliagiza, ikabadilisha nia. Zimekuwa zikisumbua njia miaka yote, si ndiyo zile ulikuwa unakalia? Nyanya alitaka kumwambia yule mzee anazo, ukamkata maneno. Halafu huyu Mwalimu akakuja kuuliza kama wewe ni wakala wa ukweli. Wakaongea, wakacheka mpaka nikawaletea maji."

"Na ushuru?"

"Babu alilipa kitambo. Mimi nilikuwa nasari."

Ndani ya Duke bado palikuwa na kipande kidogo cha mtaalamu, na kipande hicho kilitaka kujua. "Waliiweka wapi? Kwa kile kitabu. Vitu vya watoto? Bunduki?"

Neel alimtazama kwa huruma ya kijana. "Kwa darubini, buda. Si ni darubini?"

Mama Kusum alikuja akijifunga shali. "Bwana Duke, sisi tunateremka Kisii. Panda. Kuna nafasi pale nyuma, na mizigo imetoka."

Lilikuwa neno la wema, na ndiyo maana lilimchoma. "Asante, Mama. Kuna gari linanijia," akasema. Machozi yalimlenga, akageuza uso. Alimkumbuka mama yake na mikalitusi yake, na kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote aliona haya.

Probox likanguruma, likashika mteremko. Vijana, kwa heshima, wakampisha mfadhili wao atazame wa kwanza. Mwezi ulikuwa bado haujapanda, lakini Duke hakutaka mwezi. Aliinamisha mdomo wa darubini chini, katika mwanga uliosalia wa jioni, akaufuata mteremko hadi penye kona, ambapo ng'ombe walikuwa wakivuka na magari yamesimama. Darubini za nyota zina tabia ya kupindua kitu juu chini; nyota haijali, lakini gari linaonekana vibaya. Hapo, karibu kiasi cha kulishika, alikuwapo Mama Kusum ameketi mbele kichwa chini, na Probox jeupe liko matairi juu. Kwenye kioo cha nyuma palikuwa na zile herufi zake nyekundu, ambazo mmiliki mpya wa gari hakuona sababu ya kuzibandua. Aliinamisha shingo mpaka akaweza kuzisoma: USHURU SI SHIDA.

"Unaona nini, ndugu?" akauliza Mwalimu Mong'ina nyuma yake.

"Gari."

"La Bwana?"

Duke aliinuka, akalegeza tai, akaitafuta njia ya miguu kwa macho.

"La Bibi," akasema, akaanza kuteremka.